Daktari anataka mshipa wa mkono wangu wa kushoto, na huo ndio ninaochongea

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 53, mwenyeji wa Unguja, na kazi yangu ni kuchonga milango. Nilifundishwa na marehemu baba. Nina mke, watoto wanne, na mwanagenzi mmoja ambaye huu ni mwaka wake wa tatu mikononi mwangu. Nakuandikia usiku, karakana nimeshaifunga, maana mchana kila mtu ananitazama usoni kama anayetafuta kitu.

Ramadhani iliyopita nilianza kubanwa na kifua. Nilidhani ni kiungulia cha futari, nikawa nakunywa maji ya tangawizi na kulala. Mpaka siku moja mimi na mwanagenzi tulikuwa tumebeba mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, tunautoa uani kuuingiza ndani. Hatua hazikufika ishirini. Nikamwambia tuutue, nikaukalia, jasho la baridi linanitoka na mkono wa kushoto mzito kama umelowa maji. Nilimwambia nimekanyaga msumari. Mpaka leo anaamini hivyo.

Kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa. Sigara niliacha mwaka jana. Hospitali ya hapa wakanipeleka Dar es Salaam, na huko wakapitisha waya kwenye kifundo cha mkono wa kulia mpaka kwenye moyo, wakamwaga dawa, wakapiga picha. Mishipa mitatu imeziba: wa mbele asilimia 90, wa pembeni 90, wa kulia 70. Wakasema dawa peke yake hazitoshi, nahitaji upasuaji wa kuunga mishipa, huu unaoitwa baipasi.

Daktari wa upasuaji ni mtu mpole. Alinikalisha akanichorea moyo kwenye karatasi. Mshipa wa mbele, alisema, atauunga kwa ateri, mshipa wa kupeleka damu, iliyo ndani ya kifua, na hilo kwake halina mjadala. Kwa ile mingine ana njia mbili. Achukue ateri ya mkono wa kushoto, ile inayopimwa mapigo, au achukue vena ya mguuni, mshipa wa kurudisha damu. Akasema kwa umri wangu yeye angependelea ateri kwa sababu hudumu zaidi, lakini nikafikiri na watu wangu nirudi baada ya wiki mbili. Upasuaji wenyewe ni wiki moja baada ya hapo.

Kisha akaushika mkono wangu, akakandamiza kifundo pande zote mbili kwa vidole gumba vyake, akaniambia nikunje ngumi mara kadhaa halafu nifungue. Kiganja kikawa cheupe kama chokaa. Akaachia upande wa kidole kidogo peke yake, na nikaiona damu inarudi, inapanda kutoka chini ya kiganja mpaka kwenye ncha za vidole. Akasema, "Vizuri, una mshipa wa pili unaotosha." Tangu siku ile nakifanya kipimo kile mwenyewe kila usiku kwenye mwanga wa taa. Juzi mke wangu alinikuta nimeshika mkono wangu hivyo, akadhani naomba dua, akatoka taratibu.

Aliniuliza pia naandika kwa mkono gani. Nikasema wa kulia. Ni kweli, naandika na kula kwa kulia, maana chuoni maalimu alinichapa mpaka nikazoea. Lakini karakanani mimi ni mashoto. Baba alijaribu kunigeuza akashindwa, mwisho akasema mti haujui kulia wala kushoto, akaniachia. Patasi naishika kwa kulia, nyundo naipiga kwa kushoto. Na kazi nyembamba, zile petali za yungiyungi, nasukuma chuma kwa kushoto, gumba likiwa juu yake. Kwa gumba hilo najua mti umefika wapi kabla jicho halijaona. Haya sikumwambia daktari. Alikuwa na wagonjwa wengi nje, na mimi hofu ilikuwa imenishika ulimi.

Sasa nyumbani. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Tangu baba afariki yeye ndiye baba yetu, na gharama hizi sehemu kubwa anazibeba yeye. Kila usiku ananitumia video za madaktari. Anasema nidai ateri tupu: zote mbili za kifuani, na ya mkono juu yake. Mshipa wa mguu, anasema, ni sawa na kutia mlango wa mti laini kwenye nyumba ya mawe. "Uhai kwanza, mkono baadaye." Hajanitisha kuhusu pesa hata siku moja, lakini unajua mwenyewe, mtu akikulipia huwezi kumjibu upendavyo.

Mke wangu hataki kusikia habari ya mkono. Anasema mkono huu ndio uliowasomesha watoto, na mguu hauchongi. Tena anauliza kwa nini wasiniwekee tu zile stenti, vijibomba vya kufungulia mshipa, nirudi nyumbani siku ya pili. Mimi mwenyewe mguu pia nauogopa. Jirani yetu alitolewa vena mguuni, na kidonda kilimtoa maji miezi miwili, naye ana kisukari kama mimi.

Nina mlango wa arusi nimeuacha nusu. Mnyororo wa ukingoni umekwisha, yungiyungi bado. Kuna usiku nafikiri niumalize kwanza, au niache kabisa habari za kupasuliwa nimeze vidonge vyangu, litakalokuja lije.

Nimpe mshipa huo, Bi Mshauri? Na kati ya kaka na mke wangu, nimuumize yupi?

Fundi wa Milango, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam, fundi wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea daktari mmoja wa upasuaji wa moyo ninayemwamini, bila kumpa lolote la kukutambulisha. Ya kitabibu utakayoyakuta humu nimeyapitia naye. Lakini mimi si daktari, naye hajaziona picha za moyo wako. Wa kuamua ni wewe pamoja na yule aliyekuchorea kwenye karatasi.

Kama nimekuelewa, unaombwa mshipa na mkono uleule unaowalisha watu sita na kumfundisha wa saba. Kaka anayekupenda anakuvuta huku, mke anayekupenda anakuvuta kule, na katikati umekaa wewe na taa, unakandamiza kifundo cha mkono kila usiku. Nimeiona picha hiyo na imeniuma.

Kuna mahali katika barua niliiweka chini kwanza. Ni pale ulipoulizwa unaandika kwa mkono gani, ukajibu wa kulia. Umesema kweli tupu, na hata hivyo daktari wako ameondoka na picha isiyo yako. Swali lile madaktari huliuliza kwa sababu, wakiwa na hiari, huchukua ateri ya mkono usiofanya kazi nyingi. Wengi wetu tukijibu la kuandika tumejibu na la kazi. Wewe maalimu alikugawa mara mbili: mkono wa kalamu na sahani ni mmoja, mkono wa nyundo ni mwingine. Daktari hana namna ya kulijua hilo usipomwambia.

Kuna jambo la pili hapohapo. Waya wako ulipitishwa mkono wa kulia. Ateri iliyopitishwa waya mara nyingi huchubuka utando wa ndani, na madaktari wengi huikwepa kuitumia kuungia. Kwa hiyo alikuwa na sababu mbili za kuchagua kushoto, na moja kati ya hizo ulimpa wewe bila kukusudia. Sikulaumu hata kidogo. Nani kati yetu hajawahi kukaa mbele ya daktari akasahau hata umri wake? Ila ukimwambia ukweli wote, huenda hesabu zake zikabadilika, huenda zisibadilike. Kwa vyovyote ataacha kuhesabia mkono wa mtu mwingine.

Tuingie kwenye mkono wenyewe, kwa sababu naona unaogopa kwamba mkono utakufa, na mke wako anaogopa hivyohivyo. Kiganja kinalishwa na ateri mbili, moja upande wa gumba na moja upande wa kidole kidogo, na kwa watu wengi zinakutana ndani ya kiganja kama barabara mbili zinazoingia sokoni. Kile ulichokiona kikirudi kutoka weupe kwenda wekundu ndiyo njia ya pili ikifanya kazi. Wapo wanaoongeza kipimo cha ultrasaundi kuhakikisha zaidi, na kwa mtu wa kazi yako si ombi la ajabu. Mkono uliopimwa vizuri kukosa damu baada ya kutolewa ateri ni jambo adimu.

Kinacholalamikiwa zaidi ni ganzi. Pembeni mwa ateri ile kuna neva za ngozi, zikivutwa au kuvimba huleta ganzi au kuchomachoma kwenye ngozi ya mkono na mgongoni mwa kidole gumba. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda, kwa wachache hubaki. Wapo pia wanaosema mshiko umelegea kwa muda. Sasa niliposoma kuhusu gumba lako linalosoma mti kabla ya jicho, nilimuuliza daktari huyu hasa hilo. Akasema hisia za upande wa ndani wa gumba, ule unaokaa juu ya chuma, kwa sehemu kubwa huletwa na neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, si hizo. Ni habari njema kwako, lakini usiichukue kama ahadi. Mtu anayeuza samaki akipata ganzi mgongoni mwa gumba atasahau baada ya mwaka. Wewe huenda ukaihisi kila petali.

Kaka yako je? Nataka kumtendea haki, kwa sababu katika kiini cha jambo yuko sahihi. Ile ateri ya kifuani ina historia ndefu. Daktari wa upasuaji Vasilii Kolesov aliiunga kwenye mshipa wa moyo huko Leningrad, Urusi, mwaka 1964, na miaka mitatu baadaye René Favaloro, Muargentina aliyekuwa Cleveland huko Marekani, akaifanya baipasi ya vena ya mguu kuwa kazi ya kila siku. Kwa miaka mingi vena ikatawala kwa sababu ni ndefu na rahisi kuchukua. Kisha mwaka 1986 madaktari wa Cleveland haohao wakaonyesha kwamba waliounganishwa mshipa wa mbele kwa ateri ya kifuani waliishi zaidi kuliko wale wa vena peke yake. Tangu hapo hakuna ubishi wa maana. Baada ya miaka 10, zaidi ya tisa kati ya kumi ya ateri hizo bado ziko wazi, na kwa vena za mguuni karibu nusu huwa zimeziba au zimeharibika. Vena imeumbwa kurudisha damu polepole, ukiibebesha msukumo wa moyo ukuta wake hunenepa na mafuta huingia. Ateri ya kifuani imeumbwa na msukumo huo, tena utando wake wa ndani hutoa kemikali inayoufanya ulegee na kubaki laini.

Basi mwambie kaka kwamba ateri muhimu kuliko zote tayari umeipata. Hilo daktari alikwambia halina mjadala, na video zake nyingi nadhani zinazungumzia hilohilo. Ubishi ulipo ni kwenye mshipa wa pili na wa tatu, na hapo hata madaktari wenyewe hawajafika mahali pamoja.

Ateri ya mkono ina hadithi yake. Daktari Alain Carpentier aliijaribu Paris mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaiacha, kwa sababu ukuta wake una misuli mingi na ulikuwa unajikaza mpaka unaziba. Miaka mingi baadaye wagonjwa wake wa zamani walipopigwa picha, baadhi ya zile ateri zilizodhaniwa zimekufa zilikutwa wazi, na mwaka 1992 madaktari wa kundi lake wakachapisha matokeo yaliyoirudisha kazini. Siku hizi kuna dawa za kuilegeza. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha tafiti sita zenye wagonjwa 1,036, wakaona kwamba kwa muda wa miaka 5 waliowekewa ateri ya mkono walipata matatizo machache kuliko wa vena, hasa kuziba tena na kurudiwa matibabu. Kwa vifo peke yake, katika miaka hiyo mitano, tofauti haikujitokeza. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2021 unaipendelea kuliko vena kwa mshipa wa pili kwa umuhimu, iwapo mshipa huo umeziba sana.

Hayo maneno "iwapo umeziba sana" yaangalie tena, kisha angalia namba zako. Ateri ya mkono ikiungwa mahali ambapo damu bado inapita vizuri kwenye mshipa wa asili, inakosa kazi, inasinyaa, inakuwa kama uzi. Mshipa wako wa pembeni umeziba asilimia 90, huo unaihitaji kwelikweli. Wa kulia ni 70, na hapo madaktari wengi husita. Kwa hiyo swali la mkono au mguu, ambalo nyumbani kwenu limewagawa, huenda halijakaa hivyo mezani kwa daktari. Huenda hata mkono ukitolewa, vena kidogo ya mguu bado itahitajika kwa ule wa kulia. Muulize waziwazi: kila mshipa unaungwa kwa nini, na kwa nini?

Ateri zote mbili za kifuani, alizozisisitiza kaka, nitazisema kwa tahadhari zaidi. Ateri hizo ndizo zinazolisha mfupa wa kidari. Ukizichukua zote mbili kwa mtu mwenye kisukari, hatari ya mfupa na kidonda cha kifua kuchelewa kupona au kuingia wadudu inapanda. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 3,102 katika nchi saba ulilinganisha moja na mbili. Matatizo ya kidonda cha kifua yalikuwa asilimia 3.5 kwa waliochukuliwa mbili na 1.9 kwa waliochukuliwa moja, na majibu ya miaka 10 yaliyotoka 2019 hayakuonyesha tofauti ya uhakika katika idadi ya waliofariki. Wapo wanaosema utafiti ule ulichanganyika, maana wengine wa kundi la ateri moja walipewa na ya mkono, na si wote wa kundi la mbili walipata mbili. Ni kweli. Wapo pia mafundi wanaozichukua kwa namna ya kuhifadhi nyama zinazouzunguka mfupa, hatari ikapungua. Lakini huoni kwamba daktari wako hakuzitaja kabisa hizo mbili? Mtu aliyeona sukari yako akanyamaza juu ya jambo, na ukimya wake nao ni wa kuuliza.

Mguu nao usiuhukumu kwa jirani peke yake. Kidonda kile kirefu kwa mwenye kisukari kweli kinaweza kusumbua, hujaota. Lakini kinategemea pia namna vena ilivyotolewa na sukari ilivyokuwa siku zile. Zipo hospitali zinazoitoa kwa tundu dogo na kamera. Huko Örebro, Uswidi, walianzisha namna ya kuitoa pamoja na mafuta yake bila kuivutavuta, na wao waliripoti kwamba kwa njia hiyo hudumu zaidi. Uliza yako wataitoaje. Na mguu huo una faida ambayo mke wako ameiona vizuri: hauchongi. Ukiuchagua unakubali uwezekano kwamba ukifika miaka sitini na kitu, ile vena itakuwa imechoka na utarudi kwa daktari. Ukiuchagua mkono unakubali uwezekano wa ganzi kwenye chombo chako cha kazi kuanzia mwaka huu. Moja ni hatari ya mbali, nyingine ni ya karibu, na hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kukwambia ipi ni nzito kwako.

Kuna kipimo kimoja, hata hivyo, kinachogusa uchaguzi huu na hukukitaja. Figo zako zikoje? Miaka tisa ya kisukari huzigusa wengi. Kama kuna dalili kwamba huko mbele zitahitaji kusafishwa kwa mashine, mishipa ya mikono hutunzwa kwa ajili ya hiyo.

Nirudi nyumbani kwako. Mke wako anauliza kwa nini si stenti. Si swali la kijinga, hasa kwa mtu aliyeona jirani akiteseka. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka mwaka 2012, wa wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba, ulionyesha waliopasuliwa walipata shambulio la moyo na vifo kidogo kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kilikuwa zaidi upande wa upasuaji. Nadhani daktari wako ameegemea hapo. Mwombe amweleze na mke wako. Nenda naye siku hiyo, fundi wangu. Mpaka sasa anapokea habari za mwili wako kupitia uso wako, na umeniambia mwenyewe huo uso unaficha.

Nasikia pia swali jingine chini ya maneno yake. Anaposema mkono ndio uliosomesha watoto, anauliza mtakula nini. Na hapo kuna jambo ambalo nadhani hamjalikalia: hata kama hakuna atakayekugusa mkono, kidari kikishapasuliwa hutapiga nyundo kwa wiki kama 12, wala hutabeba mfaa. Miezi mitatu hiyo ipo katika kila njia. Ndiyo ya kuzungumza kwanza, kwa sababu haina mabishano ndani yake. Ukishajua miezi mitatu itapitaje, labda habari ya mshipa itaacha kubeba na njaa juu yake.

Na kaka, umeniuliza umuumize yupi. Mimi sioni kwamba kaka ameomba kutiiwa. Mtu aliye mbali na mgonjwa wake, usiku, na simu mkononi, atatuma nini zaidi ya video? Labda anachotaka ni kushiriki. Unaweza kumwomba awepo kwenye simu siku ya kliniki, amuulize daktari mwenyewe kuhusu ateri mbili za kifuani. Akijibiwa na daktari hatakuwa amekataliwa na wewe. Na ukiamua tofauti na alivyotaka, mweleze kwa heshima ile unayompa siku zote, ukianza na shukrani. Huenda akanuna siku mbili. Anakulipia ili ubaki, na nadhani mkono wako anaujua, kwa kuwa alikuwepo baba alipouachia.

Lile la kuacha kabisa nitalisema kwa ukali kidogo, unisamehe. Mtu mwenye mishipa mitatu kama yako akiamua kungoja, kungoja kwenyewe kuna bei. Kuahirisha wiki moja ili upate jibu la kueleweka daktari anaweza kukukubalia ukimuuliza. Kuahirisha mpaka yungiyungi liishe ni jambo jingine. Na ikitokea umebanwa kifua ukiwa umekaa tu, au maumivu yasiondoke kwa dawa uliyopewa, usingoje asubuhi wala usimwambie mtu umekanyaga msumari. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na mshipa wowote utakaoungwa, utaishi kwa namna utakavyoulisha: aspirini na dawa za lehemu kila siku, sukari iliyoshikwa vizuri, sigara zisirudi. Ukipewa ateri ya mkono, huenda ukaongezewa dawa ya kuilegeza kwa miezi kadhaa. Hayo utayasikia sana huko, sitakuchosha nayo.

Kabla hujapanda boti kwenda kliniki, fanya jambo moja dogo. Wewe si mtu wa kujieleza sana mbele ya koti jeupe, na patasi huwezi kuingia nayo hospitali. Basi kaa kwenye ule mlango wa arusi, chukua chuma chako chembamba, chonga petali moja taratibu kama unavyochonga siku zote, na mtu akupige video kwa simu, karibu, mkono wa kushoto na gumba vionekane. Dakika moja inatosha. Ukifika mbele ya daktari, kabla hajafungua faili, mpe simu aangalie.

Wa kukupigia hiyo video ni mwanagenzi wako. Atakuuliza ni ya nini. Mwambie, na mwambie pia kwamba siku ile ya mfaa hakukuwa na msumari.